Je, Wajua? Opali na Ndugu Zake katika Mchanga wa Kwale

Maji yakipwa Diani, Galu au Msambweni, hakosekani mtu anayeinama kuokota kijiwe cheupe cha maziwa, akakigeuza juani na kuuliza: hii ni opali? Swali ni la haki, kwa sababu opali ni kito na ndugu zake wengi ni kokoto tu. Jibu halimo katika rangi. Limo katika uzito, maji na mwanga, kama utakavyoona.

UKOO MMOJA

1. Je, wajua kwamba opali, kwatsi, akiki na gumegume zote ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni? Kinachozitofautisha ni mpangilio wa ndani. Atomu za kwatsi zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Za opali hazina utaratibu huo, na kati yake mmejificha maji.

2. Maji hayo si haba. Opali nyingi zina maji ya asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake, na baadhi hufikia asilimia 21. Ndiyo maana opali ikikaa kwenye joto na ukavu mwingi inaweza kufanya nyufa nyembamba uso mzima. Kwatsi haina maji ya kupoteza, kwa hivyo haina shida hiyo.

3. Je, wajua kwamba akiki ya kwenye pete ya fedha ni kwatsi pia? Imeundwa na chembe za kwatsi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Wataalamu huiita kalsedoni. Jaspa isiyopitisha mwanga ni ya mlango huo huo, na gumegume lililotoa cheche katika bunduki za kale vilevile.

4. Saa yako ya mkononi huenda inategemea utaratibu huo wa atomu. Kipande cha kwatsi kilichochongwa kwa kipimo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde kikipitishiwa umeme, na saa huhesabu mitikisiko hiyo. Opali haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa haina utaratibu wa atomu unaohitajika.

5. Jiwe linalodhaniwa kuwa opali mara nyingi kuliko mengine ni kwatsi nyeupe. Weupe wake hutokana na matone madogo mno ya maji na gesi yaliyonaswa ndani jiwe lilipokuwa likikua. Mwanga ukigonga matone hayo hutawanyika, na macho yetu huona maziwa.

ARDHI YA KWALE

6. Je, wajua kwamba Milima ya Shimba ni mchanga wa kale ulioshikamana? Mawe ya mchanga ya Shimba na Mazeras yana umri wa yapata miaka milioni 200. Katika mawe ya Mazeras hupatikana miti iliyogeuka jiwe: maji yenye silika yaliingia ndani ya magogo na kujaza nafasi za mti, hata nyuzi zake zikahifadhiwa.

7. Opali haidumu milele. Kwa mamilioni ya miaka hupoteza maji, chembe zake hujipanga upya, na mwisho wake huwa kwatsi. Kwa hiyo opali katika miamba ya kale sana ni nadra. Anayechimbua mawe yenye umri wa yale ya Shimba atarajie kwatsi na kalsedoni kwanza.

8. Je, wajua kwamba si kila mlima uliotokana na miamba ya moto una silika ya kutosha? Mlima Jombo, ng'ambo ya Msambweni kuelekea bara, una miamba yenye madini ya nefelini. Nefelini hutokea pale ambapo uji wa moto umepungukiwa na silika, ndiyo maana haikai pamoja na kwatsi. Jirani yake, Mrima, unajulikana kwa niobiamu na madini adimu, wala si kwa opali.

9. Mchanga mweupe wa Waa, Tiwi na Ramisi ni silika, na silika ndiyo malighafi kuu ya kutengenezea vioo. Chupa ya soda na kwatsi ya ufuoni zina asili moja.

10. Mchanga wa Diani je? Ni mchanganyiko. Sehemu moja ni kwatsi iliyoletwa na mito kama Mwachema, unaoingia baharini pale Kongo. Nyingine ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na humo samaki pono ana mchango wake: huguguna matumbawe kwa meno yake magumu, kisha hutoa mchanga mweupe. Tia kijiko cha mchanga katika siki kali. Kinachotoa mapovu na kuyeyuka ni chokaa ya matumbawe. Kinachobaki ni kwatsi zaidi.

11. Kwa nini ni kwatsi inayobaki? Katika kipimo cha ugumu alichotunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatsi ina 7 kati ya 10, na maji ya kawaida huiyeyusha kwa shida sana. Madini mengine yanasagika na kuoza njiani kutoka bara, nayo inafika baharini.

12. Je, wajua kwamba mgodi mkubwa wa Kwale uliendeshwa kwa kanuni ile ile ya kutambulia opali, yaani uzito? Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014 na kufunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Mchanga ulipitishwa na maji kwenye mifereji ya mzunguko. Kwatsi ni nzito mara 2.65 kuliko maji, lakini ilmenaiti, rutaili na zikoni zote hupita mara 4. Yale mazito yalielekea upande wake, kwatsi ikaondoka na maji. Kisha sumaku na umeme vikamaliza kazi ya kuyatenganisha.

13. Vito vyenyewe vya Kwale viko bara zaidi. Kuranze, katika Kinango, kuna garneti za kijani. Mto Umba, unaotoka Usambara na kumwaga maji karibu na Vanga, unapita Tanzania katika bonde mashuhuri kwa yakuti za rangi nyingi. Yakuti ina ugumu wa 9, wala haina undugu na silika.

JIWE LIKIWA MKONONI

14. Je, wajua kwamba mizani ya jikoni inayosoma gramu na sehemu zake inaweza kukupa jibu? Pima jiwe kavu na uandike uzito wake. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha kipimo kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Gawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba mpya. Ukipata karibu 2.65, ni kwatsi. Karibu 2.6 ni akiki na jamaa zake. Chupa nyingi huwa karibu 2.5. Opali huwa kati ya 1.98 na 2.25.

15. Kwa mfano, jiwe la gramu 20 likiwa kwatsi, namba ya pili itakuwa 7.5 hivi. Likiwa opali itakaribia 9.5. Tofauti hiyo haihitaji jicho la sonara. Ila jiwe liwe safi na la madini mamoja. Lililoshikana na mwamba hutoa jibu la uongo.

16. Ugumu nao husaidia. Kwatsi na akiki hukwaruza kioo cha dirisha bila taabu. Opali ina 5.5 hadi 6.5, kwa hiyo hukikwaruza kidogo tu au hushindwa, na kwatsi huikwaruza yenyewe. Usijaribu hili kwenye kito kilichokwisha kuchongwa, maana alama haifutiki.

17. Je, wajua kwamba umbo la mvunjiko si ushahidi? Opali, gumegume, obsidiani na chupa zote huvunjika kwa mikunjo ya duara yenye makali. Watu wa kale walizipenda gumegume na obsidiani kwa sababu hiyo hiyo: zana zake hukata.

18. Matone machache ya siki huondoa mashaka ya kwanza. Kipande cha tumbawe, kombe au jiwe la chokaa kitatoa mapovu, hasa ukikikwaruza kwanza. Opali, kwatsi na kioo havitajibu chochote.

19. Gamba la chaza lina rangi zinazocheza na huwadanganya wengi. Rangi zake hutoka kwenye tabaka nyembamba za chokaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Siki itakuambia.

20. Je, wajua kwamba mafuta ya nazi ni kifaa cha maabara? Kila kitu kinachopitisha mwanga huupinda kwa kiwango chake. Mafuta ya nazi yana karibu 1.45, opali nayo karibu 1.45, kwatsi 1.54 hadi 1.55, kioo cha kawaida karibu 1.52. Tumbukiza kijiwe kinachopitisha mwanga katika glasi ya mafuta safi yaliyoyeyuka. Kingo za opali hufifia mno. Za kwatsi na za kioo hubaki zikionekana. Lakini usifanye hivyo kwa opali inayofyonza, kwani mafuta yataingia ndani na kuitia doa.

21. Utaijuaje inayofyonza? Wachimbaji huigusisha ulimi: opali yenye matundu madogo hunata. Iliyo kavu ikitiwa majini inaweza kugeuka kutoka nyeupe hadi angavu, na uzito wake huongezeka. Kwa jiwe la namna hiyo, kipimo cha mizani na maji nacho hupotoka.

22. Kioo cha viwandani chenye weupe wa buluu huuzwa kwa jina la opalaiti. Ndani yake, chini ya lenzi ya kukuzia mara 10, mara nyingi utaona viputo vya hewa vya duara. Vipande vya chupa vilivyolainishwa na mawimbi pale Diani na Tiwi ni kioo pia, hata vikipendeza namna gani.

23. Maabara za vito hutumia refraktometa, kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyoupinda mwanga, na vichujio viwili vya mwanga. Kwatsi huugawa mwale mmoja kuwa miwili, opali haiugawi. Hapo ubishi huisha bila kulikwaruza jiwe.

RANGI ZINAZOCHEZA

24. Je, wajua kwamba siri ya rangi za opali ilifichuliwa mwaka 1964 tu? Wanasayansi wa Australia waliiangalia kwa hadubini ya elektroni, wakakuta vitufe vya silika vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita 150 hadi 300 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja kati ya bilioni ya mita. Mwanga ukipita kati ya vitufe hivyo hutengana rangi. Vitufe vikubwa huweza kutoa nyekundu. Vidogo huishia kwenye buluu na zambarau.

25. Opali nyingi duniani hazichezi rangi kabisa, kwa kuwa vitufe vyake havina mpangilio au havilingani ukubwa. Hizo ni opali halali, ila thamani yake ni ndogo. Kwa hiyo jiwe kukosa rangi hakuliondoi katika ukoo.

26. Na jiwe kuwa na rangi hakulithibitishi. Mfaransa Pierre Gilson aliingiza sokoni opali ya kutengenezwa katika miaka ya 1970. Wengine hugundisha ngozi nyembamba ya opali juu ya jiwe jeusi, au huifunika kwa kwatsi angavu. Ligeuze jiwe ubavuni: mstari ulionyooka wa gundi hujitokeza hapo.

MAJIRANI ZETU

27. Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina opali ya sifa duniani? Iko Ethiopia. Mwaka 1994 ilianza kutajwa ile ya Mezezo, Shewa. Mwaka 2008 ikapatikana ya Wegel Tena, Wollo, katika miamba ya volkano kwenye nyanda za juu. Opali nyingi za Wollo ni za kufyonza maji, kwa hivyo mwenye pete ya namna hiyo aivue kabla ya kuosha vyombo.

28. Haneti, mkoani Dodoma, hutoa krisopresi, kalsedoni iliyopata kijani kutoka kwenye nikeli, pamoja na opali ya kijani. Kwa macho zinafanana. Kwenye mizani moja ina 2.6, nyingine karibu 2.1.

29. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mlima mweupe wa opali ambao hakuna anayeuvisha pete. Ni daitomaiti: mabaki ya viumbe vya majini vya seli moja, ambavyo maganda yake ni opali. Hutumika kuchuja vinywaji na shughuli nyingine za viwanda.

30. Ziwa Magadi lilifundisha dunia jinsi aina moja ya gumegume inavyozaliwa. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini ya magadiaiti, yaliyopewa jina la ziwa hilo, ambayo hupoteza magadi yake na kugeuka silika ngumu.

31. Akiki nyekundu za shanga zilizofukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, kama Kilwa na Shanga, zinahusishwa na mafundi wa Khambhat, Gujarat. Mafundi hao huchoma jiwe la hudhurungi hadi chuma kilichomo kiive wekundu.

32. Na pwani yetu nayo ilisafirisha. Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwamba kwatsi angavu ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Zama hizo hizo mafundi wa Misri ya Fatimiya walichonga mabirika ya kwatsi angavu. Moja, lenye jina la khalifa al-Aziz, limo katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice.

OPALI ISIYOCHIMBWA

33. Je, wajua kwamba huenda umelala chini ya opali usiku kucha? Minazi huvuta silika kutoka ardhini na kuiweka katika majani yake kuwa vitufe vidogo vyenye miiba. Vitufe hivyo ni opali. Paa la makuti limejaa, ingawa huwezi kuviona bila hadubini.

34. Mpunga wa Vanga na miwa ya Ramisi hufanya vivyo hivyo. Makali ya jani la muwa yanayokukata mkono yanasaidiwa na silika. Ukichoma maganda ya mpunga, jivu linalobaki karibu lote ni silika.

35. Chini ya maji ya Kisite na Mpunguti, sifongo wengi hujijengea mifupa ya vijiti vya opali. Ukimgusa mmoja wa aina hizo kwa mkono mtupu utawashwa, maana vijiti hivyo huchoma ngozi.

36. Opali ipo hata sayari ya Mirihi. Mwaka 2008 NASA ilitangaza kuwa chombo chake kinachoizunguka sayari hiyo kimeitambua juu ya uso wake, ikiwa ushahidi mwingine kwamba maji yaliwahi kuwapo huko.

KABLA YA KUNUNUA AU KUUZA

37. Je, wajua kwamba Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inataka mfanyabiashara wa madini awe na leseni? Sheria hiyo pia inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Jiwe linalouzwa gizani halimwachii mwanakijiji sehemu yake.

38. Kaya Kinondo, Diani, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mwiko wake unajulikana: usitoe chochote msituni, liwe jani au jiwe. Hata ukiliona linameta, liache.

39. Basi mwuzaji akikuambia kijiwe chake ni opali ya Kwale, usibishane naye kuhusu rangi. Omba mizani, glasi ya maji na uzi. Namba ikizidi 2.5, hiyo si opali, na bei iteremke papo hapo. Namba ikikaribia 2.1, bado usifungue mkoba: mpelekee mtaalamu wa vito mwenye refraktometa, upewe jibu kwa maandishi, ndipo ulipe.